Mashimo ya Bakuli za Gede

Anayetoka Mombasa kuelekea Malindi huvuka daraja la Mtwapa, akavuka na la Kilifi, kisha barabara ikamwingiza katika kivuli kirefu cha msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu unapokwisha kuna njia panda ya Gede. Mkono wa kulia ni njia ya Watamu na mchanga wake mweupe, na wengi wapitao hapo nia yao ni bahari. Wachache huuliza habari za mji ulio nyuma ya miti, mwendo mfupi tu kutoka barabarani: mji wa mawe uliokuwa na misikiti, mitaa, visima na vyoo vya ndani ya nyumba, na ambao haujakaliwa na watu tangu mwanzoni mwa karne ya 17.

Gede ni mji unaoingiwa kwa miguu na kwa sauti ya chini. Si kwa kuwa kuna anayekataza kelele, bali miti yenyewe humnyamazisha mtu. Mikuyu imekaa juu ya kuta kama wenye nyumba, mizizi ikiteremka hadi chini kama mishumaa iliyoyeyuka. Kima huruka kutoka ukuta hadi ukuta, na wamezoea wageni kiasi cha kuwapokonya ndizi watoto. Eneo lote ni kama ekari 45, na lilizungukwa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Wakazi wa ukuta wa ndani walikuwa watu wa nyumba za mawe. Walioishi kati ya kuta hizo mbili, ambao bila shaka ndio waliokuwa wengi, nyumba zao zilikuwa za udongo na makuti, na hazikuacha ila mashimo ya nguzo ardhini.

Mtu wa kwanza wa zama za Waingereza kuandikwa kuwa alifika hapa ni Sir John Kirk, mwaka 1884. Aliyeufukua mji kwa mpango ni James Kirkman, aliyewekwa kuwa mlinzi wa Gede mwaka 1948 na akafanya kazi hapo kwa muda wa miaka kumi. Kirkman alikuwa na tabia moja inayopendeza: nyumba alizozifukua alizipa majina ya vitu alivyoviokota ndani yake. Ndiyo maana leo unapita Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli. Mama yeyote anayepita humo huelewa kwamba si majina ya wafalme hayo. Ni vyombo vya nyumbani. Makasi yale mwenyewe aliyatafuta siku aliyoyapoteza, na pengine alimshuku mtoto wa jirani.

Msikiti Mkuu uko upande wa jumba la mfalme. Ingia kwa mlango wake, ambao juu yake kumechongwa alama ya mkuki, simama mbele ya mihrabu, kisha utazame vizuri kazi ya mawe ya matumbawe yaliyokatwa yangali mabichi, laini, kabla hayajagandishwa na jua. Utaona vishimo vya duara, vimepangwa kwa vipimo sawasawa. Kila kishimo kilikuwa na bakuli la kauri ya Kichina lililopandikizwa katika lipu, uso wake ukitazama nje, ili mwanga wa taa uanguke juu yake na kurudi kwa wanaosali. Wazee wetu walifanya hivyo pwani yote. Walipandikiza bakuli misikitini, wakazipandikiza katika makaburi ya mnara ya Mambrui na ya Kunduchi, wakaweka na katika zidaka za nyumba zao. Kauri haikuwa chombo cha kulia tu. Ilikuwa ni heshima iliyosafiri bahari nzima kabla ya kufika.

Leo vishimo vingi ni vitupu. Bakuli hazikuanguka, zilichokolewa kwa patasi na visu. Habari hii si uvumi, kwani imo katika historia ya ulinzi wa Gede wenyewe. Mji ulitambuliwa kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, na mwaka 1929 ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuzing'oa kauri za mapambo na kuondoka nazo. Kwa maneno mengine, wizi ulitangulia na ulinzi ukafuata. Mpangilio huo tungali nao mpaka leo.

Nilipofika Gede mara ya mwisho kulikuwa na basi la wanafunzi wa shule moja ya msingi. Walikuwa watoto wazuri, wamevaa sare safi, na wamechoka. Mwalimu wao alikuwa amepata kivuli. Katika chumba kimoja cha nyumba iliyo nyuma ya jumba, kijana wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa ametoa bikari ya hesabu mfukoni na ameshaandika herufi mbili za jina lake katika lipu. Mwongozaji aliyekuwa nasi, mtu mzima mwenye kofia ya kito, hakupiga kelele. Alimshika kiganja taratibu.

"Mwanangu, una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Ukuta huu wapita miaka mia tano. Mwamkie mkubwa wako."

Kijana akasema shikamoo kwa ukuta. Wenzake walicheka mpaka wakashika matumbo, naye akacheka kwa aibu, na bikari ikarudi mfukoni. Lakini herufi mbili zilibaki pale, nyeupe, kama jeraha jipya katika ngozi nyeusi ya lipu ya kale. Mama mmoja katika kundi letu, kwa nia njema kabisa, alilowesha pindo la leso yake kwa maji ya chupa akataka kuzisugua. Mwongozaji akamzuia kwa haraka kuliko alivyomzuia mtoto.

"Hapana, mama. Hilo ndilo litakalouharibu zaidi."

Hapo ndipo penye somo ambalo wengi wetu hatulijui, nami nimelifuatilia tangu siku hiyo. Ukuta wa Gede si jiwe gumu la mtoni. Ni matumbawe, na matumbawe ni kitu kinachokunywa. Mamia ya matundu madogo yamo ndani yake. Juu yake kuna lipu ya chokaa, na juu ya lipu kuna utando mwembamba uliojengwa na hewa, mvua na miaka, ambao ndio ngozi ya ukuta. Ukisugua kwa maji, rangi au vumbi huingia ndani zaidi. Ukitumia brashi ya waya, unaiondoa ngozi yenyewe, na mvua ya masika ya kwanza itakuta nyama iliyo wazi. Ukitumia sabuni ya unga, chumvi yake hubaki matunduni; ikikauka hujenga chembe, na chembe hizo huipasua lipu kutoka ndani, polepole, baada ya wewe kurudi nyumbani ukiwa na furaha ya mtu aliyesaidia.

Mhifadhi anayeijua kazi yake huanza kwa kutofanya lolote. Huleta kamera na utepe wa kupimia. Alama hupigwa picha, hupimwa, hunakiliwa, huandikwa siku yake na mahali pake. Hata jina la mtoto mtundu huingia katika faili, kwa sababu siku moja mtu atauliza lipu hii ilitengenezwa lini na kwa nini. Kisha hutazama kama mstari ni mpya kweli au ni wa kale. Swali hili lina uzito wake, nami nitalirudia. Akishakata shauri kuondoa, hujaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Ikiwa ni rangi ya kopo, hatumii nguvu; hubandika juu yake udongo laini au pamba iliyoloweshwa dawa inayofaa rangi ile, akaiacha ikauke, na inapokauka huivuta rangi itoke matunduni. Sisi tuliolelewa na bibi zetu tunaifahamu njia hiyo. Ndivyo walivyokuwa wakibandika dawa juu ya jipu na kungoja, badala ya kulibana.

Ikiwa ni mkwaruzo, kama ule wa kijana wetu, hujazwa kwa chokaa. Nasema chokaa, si saruji. Saruji ndiyo mhalifu mwenye sura ya fundi. Katika magofu mengi ya pwani hii, viraka vya saruji vilivyotiwa miaka iliyopita vimegeuka kuwa maradhi: saruji ni ngumu kuliko matumbawe, haipumui, hufungia maji na chumvi nyuma yake, na baada ya muda kiraka husimama imara huku jiwe lililokishikilia likigeuka unga. Wakati mwingine kiraka hubaki, ukuta ukaondoka.

Chokaa ya kweli ina subira yake. Matumbawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu la duara, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa shimoni yaive. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mafundi wa Lamu wanaijua kazi hii, nao wanazidi kupungua kila mwaka tunaomzika mmoja wao. Fundi hulinganisha rangi ya chokaa na ya ukuta ili jicho lisichomwe, lakini halinganishi kwa nia ya kumdanganya mtaalamu atakayekuja baada yake. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa ulimwengu hufanyia kazi, umeweka kanuni mbili zinazofaa kukumbukwa: kilichoongezwa kiweze kutambulikana na cha asili, na ukarabati usimame pale dhana inapoanza.

Kanuni ya pili ndiyo inayojibu swali ambalo wageni huuliza kila siku mbele ya ile mihrabu: mbona wasinunue bakuli nyingine wakazijaza nafasi? Kauri za Kichina zingali zikiuzwa, na za bei nafuu. Kwa maoni yangu jibu ni hapana, na nafurahi kuwa nafasi zimeachwa. Hatujui kila bakuli lilikuwa na ua gani au rangi ipi. Tukiweka jipya tunabuni, tena tunabuni msikitini. Na zaidi ya hapo, tundu tupu linasema kweli. Linamwambia mtoto kwamba palikuwa na kitu kizuri hapa na mtu akakichukua. Ukuta uliojazwa kauri mpya usingemwambia lolote ila kwamba wazee walipenda sahani.

Sasa nirudi kwenye lile swali la mstari wa kale. Katika lipu za Gede, kama katika za Takwa, za Kilwa na za Songo Mnara, kumekwaruzwa picha za vyombo vya bahari. Zimechorwa kwa ncha ya kitu kikali, kwa mkono wa haraka, tanga moja, mlingoti mmoja, kamba mbili tatu. Wataalamu walizikusanya na kuzichapisha katika miaka ya 1960, na leo ni miongoni mwa hazina za kuielewa mitepe na majahazi ya wazee wetu, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba na havikuacha mabaki mengi chini ya bahari. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, nayo ina michoro ya namna hiyo. Askari waliochoka na zamu na homa walichora majahazi, samaki na watu ukutani kwa makaa na rangi nyekundu. Hakuna aliyewapa ruhusa. Leo michoro hiyo imehifadhiwa, na wageni huoneshwa kwa fahari.

Basi kijana mwenye bikari na baharia mwenye msumari wamekhitilafiana nini? Swali hili aliuliza binti mmoja kati ya wale wanafunzi, na mwongozaji alikuna kidevu kabla ya kumjibu. Mimi nimelifikiria tangu siku ile. Umri hautakasi kitendo. Mwenye nyumba aliyekuta jahazi limekwaruzwa katika lipu yake mpya pengine alikasirika vilevile. Lakini mhifadhi si kadhi wa vitendo vilivyopita. Kazi yake ni kulinda kinachoweza kutufundisha na ambacho hakipatikani pengine. Jahazi lile ni ushahidi wa aina ya chombo ambacho hatuna picha yake nyingine. Jina la mtoto wa leo limo katika daftari la shule, katika cheti cha kuzaliwa na katika simu ya mama yake. Tena baharia yule alikuwa mmoja, ilhali leo basi moja linashusha watoto sitini, na mabasi ni mengi. Ukuta hauwezi kuwapokea wote. Wala hatari haiko katika jina la kwanza. Iko katika la pili, kwani aliyekuta jina ukutani huona kwamba mahali pa kuandikia ni hapa. Ndiyo sababu wahifadhi husema alama mpya isiachwe ikazeeka, na katika hilo nawaunga mkono kabisa. Wako wanaopendekeza baadhi ya uharibifu uachwe uonekane uwe onyo. Penye makumbusho yenye mlinzi na maelezo, labda. Katika nyumba ya ibada, sioni haja.

Kuna uharibifu mwingine usiokuwa wa utoto. Mnamo Juni na Julai mwaka 2012, katika mji wa Timbuktu nchini Mali, watu wenye silaha walibomoa kwa sululu maziara 14 ya mawalii na wakauvunja mlango wa msikiti wa Sidi Yahya. Suala la kujengea makaburi lina mjadala mrefu baina ya wanazuoni, na safu hii si mahali pa kuukata. Lakini mjadala wa wanazuoni huendeshwa kwa hoja na mbele ya wenye mji. Hao walikuja na bunduki, wakabomoa mbele ya wazee waliokuwa wakilia. Mwezi Januari wa mwaka uliofuata, walipokuwa wakikimbia, zaidi ya hati 4,000 za Taasisi ya Ahmed Baba zilichomwa au kupotea. Nyingi zaidi zilikuwa tayari zimeokolewa na watu wa mji wenyewe, waliozitorosha hadi Bamako katika masanduku, kwa magari na kwa mashua za Mto Niger.

Kwa upande wa mawe, ukarabati ulianza Machi 2014. Hawakuletwa wajenzi wa mbali. Shirika la mafundi wa Timbuktu, ambalo kazi yake hurithishwa baba kwa mwana, ndilo lililojenga, likifuata misingi iliyobaki ardhini, picha za kale na kumbukumbu za wazee wa mitaa. Kazi ikamalizika Julai 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi, mmoja wa waliosimamia ubomoaji huo, kifungo cha miaka tisa. Alikiri kosa na akawaomba watu wa Timbuktu msamaha. Mwaka uliofuata mahakama ikaamuru fidia ya yuro milioni 2.7.

Msomaji makini ataniuliza: kama nasifu ujenzi mpya wa Timbuktu, kwa nini nakataa bakuli mpya za Gede? Kwa sababu maziara ya Timbuktu yalikuwa hai. Ni majengo ya udongo ambayo hayasimami ila kwa kupakwa upya kila baada ya muda, na kwa karne nyingi mikono ileile imekuwa ikiyapaka. Kuyajenga upya ilikuwa kuendelea na kazi iliyokatizwa. Ya Gede haikukatizwa juzi. Ilikoma miaka mia nne iliyopita, na wenyewe hawakuacha wa kuulizwa. Kwa hiyo kila mhifadhi anaposimama mbele ya kilichovunjwa, kabla ya kuuliza habari za dawa na vifaa, hana budi kuuliza ni nani aliye hai anayeijua kazi hii, na ni nani anayepahitaji mahali hapa kesho asubuhi.

Na swali hilo linatuhusu sisi wa Pwani zaidi kuliko tunavyopenda. Katika magofu yetu kuna madhara yanayoletwa na mapenzi. Watu wa Shela huvuka hadi Takwa katika kisiwa cha Manda mara mbili kwa mwaka, wakaomba mvua penye kaburi la mnara. Hiyo ni desturi yenye mizizi, na mhifadhi anayewafungia lango atapoteza walinzi bora kuliko waya wa seng'enge. Lakini ubani huacha masizi, marashi huacha madoa, na mshumaa uliogandishwa juu ya lipu huing'oa unapobanduliwa. Hapa dawa ni mazungumzo: chetezo kiwekwe chini, mbali na ukuta, marashi yamwagwe mchangani. Nimeona mahali wazee walipoulizwa kwa adabu, nao wakakubali siku hiyohiyo.

Yanayonitia uchungu zaidi ni ya misikiti inayosaliwa. Kamati hupata mfadhili, mfadhili hutaka kazi ionekane, na kazi inayoonekana ni marumaru ya kung'aa. Basi lipu iliyochongwa maua kwa mkono hutindwa kwa nyundo asubuhi moja, ili vigae vishike. Mbao za mlango wa kuchongwa huwekwa uani, na baada ya mwezi hazipo. Hakuna askari atakayemkamata mtu hapo, kwa kuwa kila mmoja ametia nia ya thawabu. Kijana mwenye bikari aliharibu upana wa vidole viwili. Sitaji mahali, kwani si pamoja tu. Naomba akina mama wanaochangia fedha hizo, nao ni wengi kuliko wanavyotajwa, waulize kabla ya kutoa: ya kale yatafanywa nini? Msikiti unaweza kupata feni, maji na zulia jipya bila kupoteza mihrabu yake.

Kadhalika nyumbani. Yuko mfanyabiashara anayekuja baada ya arubaini, kwa salamu nyingi na pole, akauliza kama bibi hakuacha sanduku, sahani za ukutani au kiti cha enzi. Bei yake humpendeza mjane mwenye ada za shule za kulipa, nami simlaumu mjane. Ila ajue kwamba ameulizwa bei siku asiyoweza kufikiri.

Majirani zetu Wamijikenda wameyapata hayo kwa ukali zaidi. Vigango vyao, nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, viliibwa makayani na mabomani kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo kama sanaa. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver nchini Marekani liliamua kurudisha 30. Sisi Waislamu hatusimamishi vigango, lakini mali ya jirani ni amana, na aliyenunua kilichoibwa kaburini mwa mtu hawezi kujitetea kwamba kilikuwa kizuri.

Sheria tunayo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 imeharamisha kuharibu mahali palipotangazwa kuwa urithi, na Julai 2024 Gede uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na Mji wa Kale wa Lamu uliomo tangu 2001 na Ngome ya Yesu iliyoingia 2011. Heshima hiyo italeta mabasi zaidi. Ningependa ilete pia vijana watano au sita wa Gede na Watamu wakae na fundi wa chokaa mwaka mzima, wajifunze kuchoma, kuloweka, kupiga lipu na kubandua rangi, na walipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mlinzi wa lango. Mlinzi humzuia anayemwona. Fundi huponya hata kile ambacho hakuna aliyekiona kikitendeka.

Anayetaka kwenda na watoto aende asubuhi, kabla jua halijachoma na kabla mbu hawajaamka jioni. Vaeni viatu vya kufunika, chukueni maji, ficheni ndizi. Kalamu, bikari na funguo zibaki kwenye mfuko wa mama. Mwongozaji ana haki yake, nanyi mpeni kwa moyo, kwani pasi na yeye mtapita mbele ya mambo mema bila kuyaona. Mkimaliza, karibu na lango mtawakuta wafugaji wa vipepeo wa mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993 ili watu wa vijiji vya kandokando wapate riziki kwa kuuacha msitu ukisimama. Watoto watapenda hapo kuliko magofu, na si vibaya.

Lakini kabla ya kutoka, mwombeni mwongozaji awapeleke kwenye kaburi lenye tarehe. Halina ukubwa wa kutisha. Aliyelijenga alitia maandishi ya Kiarabu katika lipu, na ndani ya maandishi hayo akatia mwaka: 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Kwa tarehe hiyo moja wataalamu waliweza kuupima mji mzima, wakajua ukuta upi ulitangulia na upi ulifuata. Yule binti aliyeuliza swali la baharia alisimama hapo muda mrefu kuliko wenzake. Alikuwa akihesabu kwa vidole, mikono nyuma ya mgongo.